Barua ya wazi: Mwenye hisa wa Singida asikilizwe Singida

Kwa:
Mtendaji Mkuu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA)
Mwenyekiti, Baraza la Masoko ya Mitaji

Nakala: Mtendaji Mkuu, Soko la Hisa Dar es Salaam (DSE)

YAH: MASHAURI YA WANAHISA WADOGO DHIDI YA MADALALI WA HISA YASIKILIZWE MIKOANI

Ndugu Mtendaji Mkuu, Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni mkazi wa Mkoa wa Singida na mhasibu niliyetumikia vyama vya ushirika vya mazao kwa miaka mingi. Kwa sababu ya kazi hiyo, watu wa Ilongero, Ikungi, Kiomboi na Nduguti huniletea karatasi zao za fedha niwasomee na kuwaeleza: mikataba ya mikopo, stakabadhi za ghala, na siku hizi karatasi za hisa. Ninalotaka kuwaambia ni hili: mwananchi wa mkoani aliyenunua hisa kwa njia halali, kisha akakosana na dalali wake, hana mahali pa karibu, pa gharama nafuu na panapotumia lugha yake pa kupeleka shauri. Naomba mahali hapo pawepo.

Huenda Dar es Salaam wapo wanaodhani hisa ni mambo ya watu wa mjini. Sivyo. Mwaka 2008 Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za Benki ya NMB kwa shilingi 600 kila moja, wanunuzi walipanga foleni kwenye matawi ya benki hiyo nchi nzima, Singida ikiwemo. Mwaka uliofuata zikaja hisa za CRDB kwa shilingi 150, na mwaka 2017 zikaja za Vodacom kwa shilingi 850. Walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara wa alizeti na vitunguu, wote walinunua. Wengine walinunua hisa 100, wengine 1,000, wakaweka karatasi kwenye faili moja na hati ya kiwanja na vyeti vya watoto. Walikuwa wameambiwa kwamba akiba haiozi, na kwa kweli haikuoza. Aliyenunua hisa 1,000 za NMB mwaka 2008 alitoa shilingi 600,000. Mwishoni mwa 2024 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya shilingi 5,000, na gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 428.85 kwa kila hisa. Mtu huyo alistahili gawio la shilingi 428,850 kabla ya kodi ya zuio. Kwa mstaafu wa Iramba hiyo ni ada ya mjukuu, mbolea na bati za kuezekea.

Lakini mwenye hisa hauzi wala hanunui mwenyewe sokoni. Sheria inamtaka apitie kwa dalali mwenye leseni yenu. Hata anayetumia simu kupitia Hisa Kiganjani, nyuma ya oda yake yupo dalali. Dalali ndiye anayepokea maelekezo, anayeingiza oda kwenye mfumo wa DSE, na anayepokea fedha siku 3 za kazi baada ya mauzo, ndipo azipeleke kwa mteja. Hisa zenyewe zimesajiliwa kwenye akaunti ya CDS, yaani mfumo wa kielektroniki wa kuhifadhi hisa, na dalali ndiye mlango wa kuifikia. Tumempa mtu huyu mamlaka makubwa juu ya mali yetu, naye kwa kawaida ofisi yake iko Dar es Salaam, takribani kilomita 700 kutoka hapa nilipo.

Madalali wengi hufanya kazi yao kwa uaminifu, na sitaki barua hii isomwe kama shutuma kwa wote. Ila panapotokea kasoro, hutokea kwa namna zinazofanana. Oda inakaa bila kuingizwa na bei inapita. Hisa zinauzwa na fedha hazifiki. Jina kwenye akaunti ya CDS halifanani na la kitambulisho cha NIDA, na kila mmoja anamtupia mwenzake mzigo wa kurekebisha. Kubwa kuliko yote, hisa zinauzwa na mwenyewe anasema hakuagiza.

Niwape shauri moja lililopita mikononi mwangu. Mama mmoja wa Iramba alifiwa na mumewe, mwalimu mstaafu aliyenunua hisa 400 za NMB mwaka 2008. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akapewa Fomu Namba 4 yenye muhuri. Alipoipeleka kwa dalali ili hisa ziingizwe kwa warithi, akajibiwa kwamba akaunti haina kitu: hisa ziliuzwa mwaka 2020, mumewe angali hai. Mama akauliza yako wapi maelekezo ya kuuza. Jibu lilikuja kwa barua ya mistari michache, kwa Kiingereza: maelekezo yalitolewa kwa simu. Fedha zililipwa wapi? Barua haikugusa hilo. Mama ana kitabu cha benki cha marehemu, kimefunikwa kwa nailoni, na kwa mwaka ule wote hakuna fedha iliyoingia inayofanana na mauzo ya hisa.

Huenda marehemu aliuza kweli, akalipwa kwa njia nyingine, na mkewe hakujua. Huenda dalali alikosea akaunti. Huenda pana wizi. Mimi siwezi kuamua, na ndiyo maana anahitajika mwamuzi. Mwenye wajibu wa kuonyesha kwamba aliagizwa ni dalali, kwa kuwa ndiye mtunza kumbukumbu. Mwamuzi angemwita alete rekodi ya simu, daftari la oda na ushahidi wa malipo, na jambo lingekwisha kwa kikao kimoja.

Kisha linakuja swali la fidia, nalo ni zito. Ikithibitika kwamba hisa ziliuzwa bila idhini, mama huyu alipwe nini? Bei ya mwaka 2020 ilikuwa chini ya nusu ya bei ya mwishoni mwa 2024. Ukimlipa bei ya siku ya mauzo, umemzawadia aliyekosea. Haki, kwa maoni yangu, ni kurudishiwa hisa 400 zenyewe, zinunuliwe sokoni kwa gharama ya dalali, pamoja na magawio yote yaliyopita katikati. Gawio la mwaka 2024 peke yake kwa hisa hizo ni shilingi 171,540 kabla ya kodi. Hili ni jambo linalohitaji mwamuzi anayeijua sekta, na linahitaji uamuzi ulioandikwa ili dalali mwingine na mteja mwingine wajue msimamo.

Kwa bei ya mwishoni mwa 2024, hisa 400 zilikuwa na thamani ya takribani shilingi milioni 2. Kwa familia ile ni mali kubwa. Lakini piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam kila shauri linapotajwa, malazi, na wakili atakayekubali kusimamia shauri la hisa: mali yenyewe itakuwa imekwisha kabla ya hukumu. Mama yule amekata tamaa, na dalali anajua kwamba amekata tamaa. Sheria inampa haki ile ile inayompa mwenye hisa milioni, ila kuifikia ndiko kunakomshinda.

Sasa tazameni mambo mengine yanavyoamuliwa hapa hapa Singida. Mfanyakazi wa kiwanda cha kukamua alizeti akiachishwa kazi isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iko mkoani. Anajaza Fomu Na. 1 ndani ya siku 30, mwajiri anaitwa, usuluhishi unapewa siku 30, na ukishindikana mwamuzi anasikiliza na kutoa tuzo. Hahitaji wakili ili asikilizwe. Mwenye mgogoro wa shamba analo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkulima wa vitunguu akilazimishwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, pale soko la Misuna, Wakala wa Vipimo ana ofisi mkoani. Hata mwenye bima, ambaye naye anashughulika na kampuni za Dar es Salaam, ametengenezewa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambako mlalamikaji hatozwi ada. Kwa hiyo nchi hii inajua kupeleka haki kwa watu. Mahakama ya Tanzania ilianzisha mahakama inayotembea mwaka 2019, basi lenye chumba cha hakimu ndani yake, Dar es Salaam na Mwanza. Mwenye hisa ndiye aliyesahaulika.

Msiseme kwamba malalamiko ni machache. Malalamiko ya Singida hayaonekani kwenye vitabu vyenu kwa sababu hayakufika. Mama wa Iramba hamjamhesabu.

Majirani zetu Wakenya walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2007 kampuni ya udalali ya Francis Thuo & Partners ilianguka. Machi 2008 ikafuata Nyaga Stockbrokers, wateja wakilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila idhini yao, na hayo yakitokea wiki chache tu kabla ya mamia ya maelfu ya Wakenya kupanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya. Baada yake zikaanguka na nyingine. Mfuko wa fidia ulikuwepo, lakini kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi 50,000 za Kenya kwa mwekezaji, hata kama alichopoteza kilikuwa mara kumi ya hapo. Somo ninaloliona ni kwamba kampuni ya udalali haianguki kwa siku moja. Huanza na mteja mmoja anayeuliza hisa zake ziko wapi. Mteja huyo akisikilizwa mapema na mtu mwenye nguvu ya kudai vitabu, ugonjwa unaonekana ungali mdogo. Kwa hiyo usikilizaji wa mashauri madogo mikoani ni faida ya Mamlaka yenyewe, kwa kuwa utawaonyesha mapema dalali anayeyumba.

Nchini Marekani, mteja anayemlalamikia dalali wake hupeleka shauri kwa waamuzi wanaosimamiwa na chombo kiitwacho FINRA. Mambo mawili ya utaratibu wao yanatufaa. La kwanza, kikao huwekwa kwa kawaida katika mji ulio karibu na pale mteja alipokuwa akiishi mgogoro ulipoanza, na kila jimbo lina angalau kituo kimoja. Dalali wa New York ndiye anayesafiri. La pili, dai lisilozidi dola 50,000 husikilizwa na mwamuzi mmoja, mara nyingi kwa kusoma nyaraka tu au kwa kikao kifupi cha video au simu. Mashauri yote ya wakulima na walimu wa Singida ninayoyajua yangeingia kwenye kundi hilo na nafasi ikabaki.

Lipo pia jambo la Wamarekani tusilolitaka. Tangu uamuzi wa Mahakama yao ya Juu katika shauri la Shearson dhidi ya McMahon mwaka 1987, mteja aliyetia sahihi mkataba wenye kifungu cha kupeleka migogoro kwa waamuzi hawezi tena kwenda mahakamani kwa shauri hilo, na kifungu hicho kipo karibu katika kila mkataba wa dalali. Sisi tusifike huko. Uamuzi wa haraka uwe haki ya mteja mdogo, asifungwe nao. Akichagua mahakama, aende mahakamani. Tunayo Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inayotoa msingi wa waamuzi kufanya kazi yao na tuzo zao kutekelezwa. Kilichobaki ni utashi wa kuishusha ifike kwa mwenye hisa 400.

Mnajua vizuri kuliko mimi yaliyotokea kwenye mchezo wa upatu wa DECI. Watu walipanda fedha wakiahidiwa kuvuna mara mbili au zaidi, mwaka 2009 mchezo ukakatika, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Hapa Singida wapo waliolia. Tangu hapo kila mara mnatuambia, na mko sahihi, tukae mbali na upatu na twende kwenye soko lenye leseni. Lakini tofauti kubwa kati ya upatu na soko halali inapaswa kuwa hii: kwenye soko halali, ukidhulumiwa, kuna pa kwenda. Mwananchi akigundua kwamba aliyeibiwa na upatu na aliyepotezewa hisa na dalali mwenye leseni wote wawili wamebaki na karatasi tu mkononi, maneno yenu yote ya semina yatakuwa bure.

Na hitaji hili la mahali pa kusikilizwa linazidi kuwa kubwa. Sheria ya Masoko ya Bidhaa ya mwaka 2015 imewapa ninyi usimamizi wa soko la bidhaa, na mazao kama dengu na ufuta sasa yanauzwa kwa stakabadhi za ghala na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima wa Manyoni au Ikungi anapokabidhi magunia yake ghalani, anaondoka na karatasi inayowakilisha mali, kama ilivyo hisa. Kesho atabishana na mtu kuhusu uzito, daraja la ubora au malipo yaliyochelewa. Mkiweka mlango mmoja mkoani wa kusikiliza migogoro ya karatasi za aina hii, mtakuwa mmewahudumia wakulima wengi kuliko wanahisa wote wa mkoa.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, Baraza la Masoko ya Mitaji liweke utaratibu wa mashauri madogo, tuseme yasiyozidi shilingi milioni 20, yasikilizwe na mwamuzi mmoja katika mkoa anakoishi mteja, au kwa simu na video mteja akiridhia. Si lazima mjenge ofisi. Ombeni chumba kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au kwenye mahakama ya wilaya, mje Singida mara mbili kwa mwaka, na ratiba itangazwe redioni na kwenye mbao za matangazo za halmashauri.

Pili, mkataba kati ya dalali na mteja uandikwe kwa Kiswahili, kwa muundo mmoja uliopitishwa na Mamlaka. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Haiwezekani mahakama iseme Kiswahili na dalali amtake mwalimu wa Mkalama atie sahihi kwenye kurasa za Kiingereza. Mkataba huo useme waziwazi mgogoro utasikilizwa wapi, na kwamba mteja hanyimwi mahakama.

Tatu, dalali anayelalamikiwa apewe siku zisizozidi 14 kujibu kwa maandishi na kuambatisha oda, rekodi ya maelekezo na ushahidi wa malipo. Akishindwa kuonyesha oda ya kuuza, ichukuliwe kwamba hakuagizwa. Leseni yake itegemee utii huu.

Nne, maamuzi yachapishwe, majina ya wateja yakifichwa, na wananchi waelezwe kwa Kiswahili chepesi mfuko wa kufidia wawekezaji unalipa nini, kwa nani, na kwa kiwango gani. Sehemu ndogo ya gharama ya kila muamala tunaofanya huingia humo. Tuna haki ya kuujua.

Madalali waaminifu hawana cha kuhofia hapa. Mwamuzi wa karibu atawalinda wao pia dhidi ya mteja anayedai fidia kwa sababu tu bei imeshuka. Waliouziwa hisa za Vodacom kwa shilingi 850 na kuona bei ikishuka chini ya hapo baadaye walipata hasara ya soko, na hasara ya soko si kosa la dalali. Hilo nalo linahitaji mtu wa kulisema kwa uamuzi ulioandikwa, watu walielewe, wasiwachukie wasio na hatia.

Kwenu wanahisa wenzangu wa Singida: msikae kimya mkisubiri barua hii ijibiwe. Omba taarifa ya akaunti yako ya CDS kila mwaka na uilinganishe na karatasi ulizonazo. Maelekezo ya kuuza toa kwa maandishi, na nakala ibaki nyumbani. Mwambie mwenzi wako na watoto kwamba hisa zipo na karatasi ziko wapi. Ukiona kasoro, mwandikie dalali, nakala kwa CMSA, na utunze tarehe.

Ndugu Mtendaji Mkuu, Mheshimiwa Mwenyekiti, wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mama wa Iramba haombi huruma, anaomba asikilizwe na mtu mwenye mamlaka ya kumwambia dalali alete vitabu. Wekeni tarehe ya kikao cha kwanza Singida. Sisi tutakuja na karatasi zetu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwanahisa, Manispaa ya Singida